Majina ya Waliobeba Mchanga

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na kwa kuwa kesho unasimama mbele ya watunza kumbukumbu wenzako kwa mara ya kwanza, kaa nikusimulie. Chai ipo, haraka ya nini?

Nilikuwa kijana kama wewe. Mkutano ulikuwa mjini Wote, kuhusu kumbukumbu za kale na masomo ya watoto. Nilipeleka picha moja: wanawake saba wa Kikima wakiwa kwenye mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, wamebeba mchanga wa kujengea shule. Ilikuwa iingie kwenye kitabu cha wanafunzi. Chini yake niliandika, "Akina mama wakijenga shule." Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa, kwa nini nikufiche?

Wakati wa chai akanijia Bi Salma, mkubwa wetu wa kazi kutoka Kitui mjini. Sauti yake ilikuwa pole, maneno yake hayakuwa pole hata kidogo.

"Mwanangu, mama yako mzazi nikimwita 'akina mama', ataitika?"

"Bi Salma, picha ni ya zamani. Nani atawajua?"

"Umemwuliza nani?"

Nikajifanya nakoroga chai.

"Kitabu kinakwenda kuchapishwa keshokutwa," akasema. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Nenda Kikima."

Lo! Nilikasirika, nakwambia. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na miguu yangu naipenda. Alfajiri nikaenda.

Nikaelekezwa kwa Susu Mbula, bibi mzee aliyekuwa mmoja wa wale saba. Alipoiona picha alicheka hadi akashika mbavu. "Wuui! Kumbe nilikuwa na kiuno!" Akawataja wenzake mmoja mmoja, pamoja na wajukuu waliopewa majina yao. Unajua kwetu Ukambani nyanya haondoki kabisa, mjukuu hubaki na jina lake. Alipofika kwa wa mwisho, kicheko kikamwishia.

"Huyu ni Nthenya. Alifariki kabla darasa halijaezekwa, na hakujaliwa mtoto. Hakuna mtu aliyepewa jina lake. Mimi nikienda, nani atamtaja?"

Machozi yalinitoka, wala sikuona haya. Nikaandika majina yote, nikarudi Wote mbio, na kitabu kikachapishwa nayo.

Juzi nilipita katika shule ile. Susu Mbula alishatutoka zamani. Mwalimu alikuwa amefungua ukurasa ule ule, akauliza huyu wa mwisho ni nani, na darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Nthenya!" Nilisimama pale mlangoni nikiwa na furaha isiyo na kifani.

Basi sikia. Kutunza karatasi unajua, hapo sina wasiwasi nawe. Lakini usiandike "wananchi" wala "akina mama" kabla hujauliza. Kuuliza si ujinga. Uliza kanisani, uliza msikitini, uliza Kathonzweni siku ya soko, maana wazee hawangoji mkutano wenu uishe. Kisha uwape watoto majina hayo wayasome kwa sauti, yasifungiwe kabatini.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kumwona aliye nyuma kabisa kwenye picha, na siku yako ikifika, jina lako lisikose mdomo wa kulitamka.