Picha Yangu Katika Ukurasa wa Mbele

Nimewakemea sana vijana wa Komarock kwa kupenda kujionyesha, ndiyo maana kukiri haya kunaniuma.

Nilipofungua tovuti ya karakana yangu ya madawati kule Kariobangi, binti yangu Zawadi alinisihi, "Baba, weka picha za madawati, bei na namba ya simu. Mteja hana subira."

Nilimpuuza. Mteja sharti amjue fundi kwanza. Niliweka picha yangu nikiwa nimevaa suti nyeusi, majina yangu matatu, mwaka niliozaliwa, shule nilizosoma, kisha majina ya mke wangu na watoto.

Siku hiyo mwalimu mkuu mmoja angeitazama tovuti kabla ya kuagiza madawati ya shule nzima. Idadi ya waliofungua ukurasa ilipanda saa baada ya saa, nami sikuweza kuketi kwa furaha.

Adhuhuri mwalimu huyo aliingia karakanani amebeba sukari na majani chai. Akamkumbatia Zawadi mlangoni.

"Pole sana, mwanangu. Mazishi ni lini?"

Zawadi akaninyooshea kidole.

"Muulize marehemu mwenyewe, mwalimu. Yule pale anapiga randa."