Mshale Chini ya Vumbi la Kahawa

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, fundi Salvatory huigusa mota ya mashine ya kukobolea kahawa kwa mgongo wa kiganja. Umeme ukivuja, kiganja kikigusa kwa ndani hufumba na kung'ang'ania; mgongo wake huachia. Ndipo huvaa miwani akasome skrini.

Siku ile aliurudisha mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Shikamoo, baba," alisema Flavia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kiwandani hapo Mbinga kwa mafunzo ya vitendo.

"Marahaba. Skrini inasemaje?"

"Kilowati kumi."

Mwisho wa mota ile ulikuwa ishirini na mbili. Kwa skrini, ilikuwa inacheza tu. Lakini ilinuka rangi inayoungua, na hatua mbili kutoka pale Ida alikuwa akimimina kahawa, maganda makavu yamemfika magotini. Cheche moja ingetosha. Flavia alitafuta mlango kwa macho. Ulikuwa mmoja, ng'ambo ya mota.

"Ida, ongeza!" alipaza sauti Erasmo, msimamizi. "Mashine haijashiba, na wakulima wa Mkumbi wamelala nje na malori!"

Swichi ya kinga ilikuwa imekata mara mbili alfajiri. Erasmo ndiye aliyeilegeza isikate tena, kwa kuiamini skrini.

"Zima," alisema Salvatory.

"Fundi, umeanza kuzeeka. Unabishana na kompyuta?"

Salvatory alifungua sanduku la umeme, akaibana mita yake ya mkononi kwenye waya mmoja baada ya mwingine. Nyaya zote tatu zilibeba sawasawa. Kwa hesabu yake, jumla ilikuwa karibu kilowati thelathini. Akavuta swichi kuu. Kiwanda kikanyamaza.

"Ida, toka humo. Toka, mama!"

Fundi alifuta vumbi kwenye pete tatu za kupimia zilizovishwa nyaya, zile zinazoipa skrini hesabu. Kila pete ina mshale mdogo unaopaswa kuelekea mashine. Wa kati ulitazama nyuma, ukitoa kumi badala ya kujumlisha. Mwezi uliopita, paa lilipovuja, nyaya zilihamishwa ziingilie chini badala ya juu. Pete mbili ziligeuzwa, ya tatu ikaachwa kama ilivyokuwa.

Ida alikung'uta maganda. "Leo mngenikaanga pamoja na kahawa."

Flavia aliuelekezea kidole mshale wa kati.

"Baba, nani aliifunga hii?"

Salvatory alivua miwani.

"Mimi."