Viganja vya Malaika Mlinzi

Mama Mabawa alipigwa utoto wake wote chini ya picha ya malaika mlinzi. Baba yake ndiye aliyeitundika juu ya kitanda: mtoto anavuka daraja bovu, malaika yuko nyuma yake, viganja wazi. Mkanda ukishuka, binti alimkodolea macho malaika huyo. Wapi! Hakuinua hata kidole. Hata siku mama yake binti alipovunjwa taya, malaika alitabasamu tu.

Sasa duniani kuna mambo: akakua, riziki yake ikawa kuchora malaika makanisani. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Safari hii padri alitaka picha ileile, ukuta mzima. "Viganja viwe wazi, mama. Ndiyo maana yake: malaika analinda, halazimishi."

"Sawa, Padri," akajibu, roho inamchemka. Wiki ileile bintiye wa pekee alikuwa amekimbilia kwake, uso umevimba, na mumewe ameapa kumfuata ammalize.

Mwanamume akatimiza. Mama Mabawa yuko juu ya ngazi, asubuhi kweupe, binti akaingia kanisani mbio, puani damu. "Mama! Mama wee, ananiua!" Mkwe huyo nyuma, na nondo. Pigo la kwanza lilipasua benchi. La pili lilimpata binti begani, mfupa ukalia.

 Mama alimmwagia mkwe kopo zima la rangi machoni, akashuka, akaokota nondo iliyomponyoka. Goti. Mkono. Mbavu. Goti tena. "Viganja wazi, eti? Viganja wazi!" Na hakuwa akimpiga mkwe peke yake, marehemu baba yake mwenyewe naye alipata fungu lake. Bila padri kuja mbio na kumkumbatia kwa nguvu, angeua mtu.

Polisi walimbeba mkwe. Binti alifungwa bega hospitalini, atapona.

Siku ya tatu Mama Mabawa alirudi ngazini, kwa brashi akavifunga vidole vya malaika kwenye mkono wa mtoto, vikaushika barabara. Padri akaingia, akasimama kando ya benchi lililopasuka, akatazama weee. Mama akaanza kukusanya brashi zake, maana alijua anafukuzwa.

"Hicho kidole gumba kimelegea, mama," padri akasema. "Kikaze."