Betri Niliyoiandika Nzima

Kazi yangu ni kutunza betri za akiba kwenye vituo vya kupimia kina cha mto Ruvuma. Kila kituo ni kisanduku juu ya nguzo, na paneli ya sola. Jua likikosekana, betri ya akiba ndiyo inayotuma vipimo ofisini kwetu Mtwara.

Mwaka juzi mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Asubuhi ya sita, nikiwa nyumbani Likombe, mkuu wangu akanipigia.

"Kile kituo cha mwisho, karibu na mdomo wa mto, kimenyamaza."

Safari iliyopita niliikuta betri ile imevimba ubavuni. Nilikuwa na haraka. Nikapima, umeme upo, nikaandika "nzima". Na bondeni kule watu walilima mpunga wakitegemea simu yetu maji yakizidi.

Nikabeba betri mpya, nikapanda bodaboda.

Kituo kiliangaliwa na mama mmoja mkulima, ambaye wazazi wake walivuka zamani kutoka Msumbiji. Nilimkuta kwenye tuta, khanga imemlowa.

"Shikamoo, mama. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wako mashambani, baba. Simu hamjapiga, wanajua bado salama."

"Waite watoke, mama! Kituo kimekufa."

Aliondoka mbio akipiga yowe.

Niliingia majini hadi kiunoni kuifuata ngazi ya nguzo. Hatua chache kutoka pale kiboko akaibua kichwa, akapumua kwa kishindo. Sijui nilipandaje. Nilipofungua kisanduku, harufu ya asidi ilinipiga puani: betri ilikuwa imepasuka. Kufunga nati mbili tu za betri mpya kulinichukua muda mrefu. Hatimaye taa ikawaka, na simu yangu ikaita.

"Tumepata kipimo," mkuu akasema. "Shuka upesi, maji yanakuja."

Kiboko alikuwa bado pale. Nilikaa nimekumbatia nguzo mpaka mvuvi mmoja akanifuata na mtumbwi.

Mpunga wote ulikwenda na maji. Watu walitoka, wa mwisho maji yakiwa kifuani.

Nilimwambia yule mama kweli: betri niliiona imevimba, nikaiacha.

"Binti yangu alikuwa kule," akasema, "ana mimba ya miezi minane." Akanipa kisogo, akaenda kumtafutia nguo kavu.

Kwenye ripoti niliandika yote. Nikapewa barua ya onyo.