Mvua ya Jepleting

Katika chumba cha kusafisha damu, hospitalini Nakuru, neno mvua lilikuwa na maana yake. Jepleting, mkulima wa viazi kutoka Keringet, ndiye aliyelileta. Asubuhi moja ya Jumanne aliingia akicheka, akamwambia kila aliyelazwa kando ya mashine, "Jamani, kwetu imenyesha." Alikuwa amekojoa kikombe kizima.

Nakhumicha, kwenye kitanda cha jirani, aligeuza uso ukutani.

Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Nakhumicha alikuwa karani wa kuhesabu maua Naivasha. Mwiba wa waridi ulimchoma mguu, kidonda kikaoza, sumu ikaenea kwenye damu na figo zikazima. Jepleting aliponzwa na nimonia. Lakini Jepleting alikuja wiki tano nyuma yake. Aliyetangulia foleni alikuwa Nakhumicha, na mvua ikamruka.

Daktari alikuwa amesema figo kama hizo huweza kuamka, ila akazipa za Nakhumicha miezi mitatu. Ikipita kimya, basi mashine ingekuwa ya maisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Kila siku Nakhumicha alipima mkojo wake kwa jagi na kuandika mililita daftarini kwa mwandiko ulionyooka: 40. 55. 50. 60.

"Mama Sydney, na kwako vipi?" Jepleting alimuuliza Nakhumicha Ijumaa. Yeye sasa alikuwa amepunguziwa mashine: kuanzia Ijumaa hiyo angekuja mara moja tu kwa wiki. "Hata manyunyu?"

"Hata kwangu imenyesha," Nakhumicha akajibu. Akafungua daftari, na penye 60 akaongeza sifuri.

Sista Jeruto, muuguzi wa zamu, alilisoma daftari, akatabasamu. "Mia sita? Daktari akiona hii atakupunguzia hata wewe. Haya, panda mizani."

Nakhumicha alipanda. Jeruto akatazama namba, akatazama daftari, akatazama miguu iliyovimba hadi viatu vikakataa kufungwa.

"Umeongeza kilo tatu na nusu tangu Jumanne, mama. Hii mvua ilinyesha shamba la nani?"

Mgonjwa mmoja alicheka.

"Ningekuruka kwenye mashine siku moja tu kwa sababu ya hii sifuri," Jeruto akasema kwa sauti ya chini, "maji yangepanda kwa mapafu. Ungezama ukiwa kitandani." Akampa kalamu.

Nakhumicha aliikata sifuri kwa mstari mmoja, akatia sahihi kando, kama alivyozoea kurekebisha hesabu ya maua. Masikio yake yaliwaka moto. Kitanda cha pili Jepleting alijifanya kunyoosha shuka, na hilo lilimuudhi kuliko kicheko.

Mashine ilipoanza kuzunguka, Jepleting akasema bila kumwangalia, "Mimi nilianza na thelathini."

"Thelathini gani?"

"Mililita. Wiki nne nzima. Sikusema, niliona haya. Nilitangaza ilipojaa kikombe."

Nakhumicha alitaka kumchukia zaidi kwa hilo: wiki zote hizo alikuwa ameona wivu juu ya kikombe, na thelathini hakuwahi kuonyeshwa. Hakumshukuru. Alingoja mwenzake asinzie, ndipo akalivuta daftari kwa mkono usio na sindano.

Kando ya 60 aliandika, kwa herufi ndogo sana: Yeye, mwanzoni, 30.

Akaisoma mara mbili, akapigia ile 60 mstari chini.