Mukono wa Kushoto wa Chola

Mudogo wangu Chola alipofuka kwa surua, alikuwa na miaka ine. Mimi, yaya wake mukubwa, nilikuwa na kumi na moja, na ni mimi nilimufundisha kiwanja chetu cha Naviundu. Nilipanga punje za mahindi juu ya lungo la kupepetea: mulango huku, muti wa avoka pale, bomba ya maji kule. Alipapasa mupaka akakijua chote. Leo Chola ni mwalimu wa batoto vipofu, na bantu bakiuliza nani alimuanzisha, ninabajibu bila haya: ni mimi.

Juma moja akaniita shuleni. Bwana mumoja, Anaclet, alikuwa ameleta mashini mbili za kusomea na vidole. Moja ingebaki, ingine irudi. Chola ndiye wa kuchagua.

Ya kwanza ilikuwa na mistari munane ya breli. Ile ya zamani ya shule iko na mustari mumoja tu: mukono wa kuume unasoma, wa kushoto unalala. Lakini Chola alijifunzia kwenye karatasi, na mikono yote mbili. Wa kuume ukiwa bado unamaliza mustari, wa kushoto umekwisha kushuka, unangojea kwa ule wa chini. Juu ya mashini hii nikauona mukono ule unashuka tena, polepole, kama muntu anarudi katika nyumba aliyohama.

Ya pili ilikuwa ubao mupana wa nukta nyingi ndogo. Unachora na kidole, picha inainuka. Anaclet akachora kiti.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Chola akapapasa. "Meza ya kuvunjika?"

"Ni kiti!"

"Kiti na miguu mbili? Kaa wewe wa kwanza, papa Anaclet, tutakuokota."

Batoto bakacheka sana. Anaclet alikuwa amechora vile macho inaona, kwa upande. Nikamuambia, "Sogea, mutoto wangu." Nikachora kiwanja chetu vile nilizoea kukipanga kwenye lungo.

Chola akaweka mikono juu ya ubao. Vidole vikatoka mulangoni, vikapita avoka, vikasimama.

"Yaya, bomba iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau. Nikaiweka. Akaigusa, machozi yakamutoka.

"Basi hii ndiyo inabaki!" Anaclet akafurahi.

"Hapana," Chola akasema, akipangusa uso. "Ile ya mistari. Batoto bangu, mukono wao wa kushoto haujafanya kazi hata siku moja."

"Na picha je?"

"Picha ziko na mwenyewe wa kuzipanga. Yaya, mahindi bado iko kwako?"

Sasa kila siku ya tatu ya juma ninabeba lungo langu, ninaenda shuleni. Juma hii tulipanga mto Naviundu. Punje zilituishia mbele ya kufika darajani.