Polisi wa Saa Tisa

Mama mkwe wangu alikuja Sydney kwa miezi mitatu, kumwogesha mjukuu na kumkanda binti yake. Korona ikafunga mipaka, akabaki nasi Liverpool, kitongoji cha huko huko Sydney, karibu miaka miwili. Kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa. Kwake hiyo haikuwa kazi. Mwanamume mzima ajifungie chumbani na kompyuta, kisha atoke kuulizia chai!

Na sababu nilimpa mwenyewe. Siku moja nilimwambia kwa adabu zote aanue nguo za mtoto, radi inakuja. Akaanua. Mvua ikamwagika mtaa wa Westmead, kwetu hata tone. Tangu hapo nikawa "sheikh wa mawingu", na mke wangu anacheka kajifunika khanga. Ningemweleza nini? Kiangazi, hewa baridi ikitoka kusini na kujipenyeza chini ya joto letu, radi huzuka kwenye ukingo wake. Ni kama maziwa jikoni: najua yatafoka, sijui yatamwagikia upande gani.

Ikafika akika ya mtoto, iliyoahirishwa mara mbili kwa lockdown. Tuliifanyia uani, maana ndani wageni hawaruhusiwi wengi. Nje nako kulikuwa na kikomo, lakini nani anayealikwa pilau akaja peke yake? Mama mkwe alikodi turubai la nguzo za chuma, akalisimamisha chini ya mkalitusi wa jirani, apate kivuli. Joto lilikuwa la kupasua kichwa.

Saa saba na nusu nikachungulia rada kwenye simu. Mstari wa mawingu ya radi ulikuwa unapanda kutoka kusini, na kila kituo cha kupimia hewa ulichopita joto limeporomoka ghafla. Safari hii ulikuwa unakuja kwetu moja kwa moja. Na mke wangu, mwanangu na wageni wote wamekaa katikati ya vyuma, chini ya mti.

"Mama, kuna radi inakuja."

"Sheikh wa mawingu," alisema bila kugeuka, "hebu kawape watu soda."

Mama mkwe habishiwi, hasa mbele za watu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikarudi na simu sikioni.

"Mama, rafiki yangu kapiga. Polisi wanapita mtaani kuhesabu watu. Saa tisa watakuwa hapa."

Lo! Pilau iliingia kwenye makopo ya aiskrimu na mifuko ya mkate. Wazee waliokuwa wanalalamikia magoti walishusha turubai kama vijana. Kufika saa nane na nusu kila mtu yuko kwake, na uani kimebaki kiti cha mama mkwe tu.

Saa tisa kasorobo upepo ukageuka, mlango ukajibamiza. Mvua ya mawe, halafu radi. Tawi la mkalitusi, nene kunishinda mimi, likaangukia kile kiti. Tulikuwa dirishani, yeye kampakata mtoto.

Alikitazama kiti. Akanitazama mimi.

"Polisi hawajafika," alisema.

"Labda wameogopa mvua, mama."

"Labda."

Wiki iliyofuata aligonga mlango wa chumba ninachofanyia kazi, mara ya kwanza tangu aje. Mkono mmoja kikombe cha chai, mwingine beseni la nguo mbichi. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Mkwe, leo polisi wanapita?"

Nikatazama rada. "Wanapita, mama. Kama saa kumi hivi."

Akaniwekea chai mezani, akaenda kuanika nguo sebuleni.